Niko, Bila Kadi

Nilikuja Juba kuangalia kompyuta za shule moja ya binafsi, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Huu ni mwaka wa sita. Wakenya wenzangu walioko kwenye mabenki na mahoteli hunitania kwamba nimeolewa na jenereta ya shule, maana ndiyo ninayoihudumia kuliko kitu kingine chochote. Huwajibu kwamba jenereta haijawahi kulalamikia mapishi yangu, tunacheka, kisha kila mtu anarudi kwake.

Mwaka ule wa kwanza upweke ulinibana, nikatengeneza mchezo. Ni karata zile zile tulizocheza shuleni Nakuru mwalimu akitupa mgongo: unafuata namba au ua, na ukibakiwa na karata moja lazima utangaze, "Niko kadi." Ukimaliza bila kutangaza, hujamaliza, unaokota. Niliuweka mtandaoni ili nicheze na kaka yangu mdogo. Meza ilikuwa na viti vinne, na pembeni kulikuwa na kitufe chekundu kilichoandikwa "Niko kadi". Ukikibonyeza, maneno hayo yanatokea kwenye simu za wenzako na simu zao zinatetemeka. Mtetemo niliuweka kwa utundu tu, nimshtue kaka yangu akiwa kanisani.

Sikuwa na nia ya kuutoa nje ya familia. Aliyeutoa ni fundi wa simu wa soko la Konyo Konyo, Mganda wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya na mdomo usiopumzika. Nilimpelekea simu yangu iliyoingia maji, akauona mchezo, akauomba. Kwa kuwa niliuandika kwa haraka na bila mapambo, ulikuwa mwepesi. Ulifanya kazi kwenye simu za zamani kabisa na haukula bando. Fundi akaanza kuuweka kwenye kila simu iliyopita mezani pake, mwenyewe ameomba au hajaomba. Haukupita muda mrefu watu wakawa wanaucheza Juba, Kampala, Kitale, na kwenye makambi ya wakimbizi nisiyoyajua hata kwa ramani. Tukawa washirika, mimi na fundi, bila kuandikiana karatasi yoyote.

Shida ni kwamba mchezo ulioandikwa kwa ajili ya watu wawili sasa ulikuwa umebeba umati. Nikirekebisha hapa, kule kunavunjika. Nikigusa viti, karata zinapotea. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siwezi kuvumilia kazi mbovu, hasa ikiwa ni yangu. Nikaamua tuufunge kwa miezi mitatu, niuandike upya tangu mstari wa kwanza, tuufungue ukiwa safi. Tangazo nilikuwa nimekwisha kuliandika: "Tunajenga upya. Tutarudi."

Fundi hakutaka. Alisema mtu hafungi duka eti anapaka rangi. Nikamwambia duka lake halijapakwa rangi tangu lijengwe, asinifundishe. Kwa wiki mbili tulibishana kila nilipopita pale, mimi nimesimama upande wa wateja na yeye ameketi na bisibisi mkononi, na wateja wakachagua pande. Muuza vocha alikuwa upande wangu. Mwenye kuuza magunia alikuwa upande wa fundi, ingawa sidhani alijua tunabishania nini.

Nikatafuta ushahidi wa kumnyamazisha. Nikaingia kwenye kumbukumbu za seva kuonyesha jinsi mfumo ulivyooza, na humo nikakuta kitu cha ajabu. Kulikuwa na meza iliyofunguliwa kila siku kabla ya saa moja asubuhi ya Juba, yenye watu wawili wale wale, na hapakuwa na karata hata moja iliyochezwa. Mmoja anabonyeza kitufe chekundu. Wa pili anabonyeza. Wakati mwingine mmoja anabonyeza tena. Kisha wote wanaondoka. Ilikuwa hivyo kwa mwaka mzima na zaidi, Jumapili na sikukuu, na meza nyingine kadhaa zilikuwa na tabia hiyo hiyo.

Nikafurahi. Nilijua ni roboti, programu za wahuni zinazojaribu milango kabla ya kuiba. Nilimwendea fundi mbio kumwambia kwamba mchezo anaoupigania umejaa roboti, na kwamba nitaanza kwa kuzifuta zote. Nikamsomea saa na dakika. Aliweka bisibisi chini, akavua miwani, akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Hiyo si roboti," alisema. "Hiyo ni mama wa dakwa."

Dakwa ni siagi ya karanga, na mama aliyemtaja nilikuwa nikimpita kila wiki. Aliketi hatua chache kutoka pale, nyuma ya beseni lake, akiipima kwa kijiko kirefu. Nilimuuliza fundi mama wa dakwa anafanya nini na kitufe cha kutangaza karata ya mwisho. Akaniuliza karata ya mwisho gani. Kwao, alisema, mchezo kama huo unachezwa bila kutangaza chochote, na kitufe kimeandikwa wazi kabisa. Akanyanyua simu ya mteja mmoja, kuukuu, yenye kioo chembamba, akanionyesha.

Kilikuwa kimeandikwa "Niko".

Nilisimama pale nikijiona mjinga. Mimi nilikuwa nimekipima kitufe kwa simu yangu, ambayo ni pana. Kwenye simu nyembamba neno la pili lilikosa nafasi, likakatwa. Fundi, ambaye husema "mimi iko hapa" tangu asubuhi hadi jioni, alisoma "Niko" akaelewa alivyoelewa, na akawafundisha wateja wake wote: hiki ni cha kumwambia mwenzako kwamba upo. Bonyeza, atajua. Karata, alisema, ni za wale wenye muda.

Nilianza kucheka, nikamwona hacheki. Akaniambia niende kwa yule mama nikamsikilize kwanza, ndipo nifunge ninachotaka kufunga.

Basi nikaenda. Mama wa dakwa alinipa gunia lililokunjwa nikalie. Kiswahili chake alikitoa Kenya, kwenye kambi, alikoishi miaka mingi kabla ya kurudi. Sasa anakaa Mangateen, hapa hapa Juba. Alinieleza akiendelea kupima na kufunga, bila haraka. Ana mdogo wake wa kike mmoja tu aliyebaki, yuko kwenye kambi kaskazini mwa Uganda. Huyo mdogo aliugua utotoni, masikio yakafa. Shule hakwenda. Kumpigia simu ni bure, kumwandikia ni bure, na video inakula bando ambalo hawana. Walipokutana Juba kwa msiba, fundi aliwawekea mchezo wote wawili na kuwaonyesha kitufe. Tangu siku hiyo mdogo hulala na simu kifuani, chini ya nguo. Ikitetemeka asubuhi, anajua dada yake ameamka.

Nilimuuliza kama angeweza kuvumilia tukifunga kwa muda mfupi. Sikuthubutu kusema miezi mitatu. Akaacha kupima.

"Iliwahi kufungwa," alisema. "Siku mbili. Mimi nabonyeza, mafi. Yeye nabonyeza, mafi. Siku ya tatu yeye alifunga mzigo."

Mafi, kwa Kiarabu cha Juba, ni kusema hakuna kitu. Yaliyobaki alinieleza taratibu. Mdogo wake aliamini dada amekufa. Aliondoka kambini peke yake, mtu asiyesikia gari likija nyuma yake wala mtu akimwita, akaelekea mpakani ili aje Juba kutafuta kaburi. Majirani wa kambini walimkuta karibu na mpaka, ameketi juu ya mzigo wake, amekataa kula. Walimrudisha kwa nguvu. Barabara ile ya kuja Juba sote tunaijua, na mama hakuwa na haja ya kunieleza ingeweza kumfanya nini.

Siku mbili hizo nilizikumbuka. Nilikuwa nikihamisha mchezo kwenye seva nyingine, nikachoka, nikasema yatasubiri hadi Jumatatu, watu wanaweza kukaa siku mbili bila karata. Hata tangazo sikuweka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, ya kuketi kwenye gunia la mtu, unapewa karanga uonje, na yeye hajui kwamba aliyefunga ni wewe. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba ni mimi, sio mtandao wala serikali. Akasema, "Malesh. Hukujua." Malesh ndiyo pole yao. Akanifungia dakwa ya kwenda nayo nyumbani.

Nilirudi kwa fundi nikamwambia hatufungi. Alikuwa na haki ya kunicheka na hakuitumia, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Aliuliza tu tutajengaje kitu ambacho watu wako ndani yake. Nikamwambia kuhusu mwenye ploti ninakoishi Munuki, aliyebadilisha mabati ya nyumba zetu wapangaji tukiwa ndani, bati moja kwa siku, akiuliza kwanza nani ana mgonjwa. Tukakubaliana kufanya hivyo.

Msinifikirie kwamba nilifanya kwa moyo mweupe. Nilinung'unika mwaka karibu mzima. Kazi ya miezi mitatu ilivimba ikala mvua nzima na kiangazi, kwa sababu kila kipande kipya kilibidi kielewane na kila kipande cha zamani. Nilikuwa nikitoka shuleni alasiri, ninaketi kwenye kibanda cha fundi, ninabadilisha kitu kimoja, yeye anakijaribu kwenye simu tano mbovu alizozipanga mezani, na simu moja ikigoma tunarudi nyuma. Nilimwita mkaidi. Aliniita Madam Haraka, na jina likaenea sokoni.

Tulikuwa na sheria moja tu, na yeye ndiye aliyeitunga: hakuna kugusa seva kabla dada wale wawili hawajasalimiana. Nikiamka nilifungua kumbukumbu kwanza. Saa moja kasoro kwetu, ambayo kwa mdogo kule Uganda ni saa mbili kasoro, mkubwa anabonyeza. Nasubiri. Mdogo anajibu. Hapo ndipo siku yangu inaruhusiwa kuanza. Kuna asubuhi mdogo alichelewa dakika kumi na nikawa nimesimama katikati ya chumba na mswaki mdomoni, nimesahau kuusogeza. Watu ambao hatujawahi kuonana wakawa wanapanga siku yangu, na nakiri nilianza kupenda.

Kipande cha mwisho kilikuwa sura ya mchezo, yaani vile unavyoonekana kwa macho. Hapo nilijitanua. Nilichora karata upya, nikaongeza rangi, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikarekebisha kitufe. Nilikipima kwa simu zote tano za fundi mpaka maneno yote mawili yakaenea hata kwenye ile nyembamba kuliko zote: "Niko kadi". Kilipendeza. Mtetemo haukubadilika, mahali pake hapakubadilika, rangi haikubadilika. Tukaachia mchana, baada ya salamu, kwa mujibu wa sheria yetu.

Kesho yake asubuhi mkubwa alibonyeza. Mdogo alifungua meza, akakaa, na hakubonyeza. Mkubwa akabonyeza tena, na tena. Mdogo yuko mezani, namwona kwenye kumbukumbu, anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, na kitufe hakigusi.

Nilipiga simu shuleni kuomba ruhusa, jambo ambalo sijawahi kufanya hata siku jenereta ilipowaka moto. Nilipofika Konyo Konyo kwa bodaboda, mama wa dakwa alikuwa tayari ameketi kwenye benchi la fundi, beseni lake limefunikwa, simu ameishika kwa mikono miwili. Hakulaumu. Aliniambia tu kwamba mdogo wake anakuja mezani lakini hasemi, na kwamba hajawahi kufanya hivyo. Fundi alikuwa amezikagua simu zote na hajaona kosa. Mimi nikafungua kompyuta nikapitia kila mstari niliouandika, na kila mstari ulikuwa sawa.

Aliyegundua ni fundi. Alikuwa na simu moja ya zamani ambayo haijapokea toleo jipya, akaiweka kando ya nyingine, akazitazama kwa zamu kama mtu anayelinganisha shati. Kisha akamuuliza mama kama mdogo wake anajua kusoma. Mama akasema hapana, hata herufi moja.

"Basi yeye najua picha ya hiyo neno," alisema fundi, akaweka kidole kwenye simu ya zamani. "Fupi. Wewe umeweka refu. Hii si kitufe yake."

Alisema kweli. Kwa mtu asiyesoma, alama nne zilizosimama pamoja zilikuwa uso anaoufahamu, na mimi nilikuwa nimembadilishia uso. Kwake kitufe cha dada yake kilikuwa kimeondolewa, na mahali pake pamewekwa kitu kingine ambacho huenda kikibonyezwa kinaleta balaa. Alikuwa akiingia na kutoka akikitafuta.

Nililifuta neno la pili. Kwa wachezaji wa karata wanaotaka kutangaza, niliwawekea kitufe kingine upande wa pili, na hawajawahi kukilalamikia. Kile chekundu nikakiacha kilivyokuwa, kikiwa kimekatika, na safari hii kimekatwa kwa makusudi kwenye simu zote, hata pana. Tukaachia mchana kweupe bila kujali sheria. Mama alibonyeza. Tukakaa. Mwenye magunia alikuja akasimama, muuza vocha akaja.

Simu ilitetemeka mikononi mwa mama. Ikatetemeka tena kabla hajajibu, na tena, mara nyingi, mdogo akibonyeza kama anayegonga mlango. Mama alijifunika uso kwa ncha ya lawa yake, nguo ile inayofungwa begani, akalia kimya huku akijibu kwa kidole kimoja. Fundi alitoka nje kwenda kutafuta chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

Nilipoanza kukusanya vitu vyangu nirudi shuleni, mama alinishika mkono. Aliuliza kwangu mimi nani hujua asubuhi kama nimeamka. Nikasema mama yangu hunipigia kila Jumapili.

"Jumapili iko mbali," alisema.

Alichukua simu yangu, akampa fundi, na fundi akaniweka kwenye kiti cha tatu cha meza yao. Tangu hapo nabonyeza kila asubuhi baada yao, nikiwa wa mwisho kwa kuwa ndimi mdogo kwa umri. Mwanzoni nilifanya kwa adabu. Baadaye nikajikuta naamka kabla ya saa yenyewe. Jumamosi mama hunipitishia dakwa nyumbani Munuki, na nikimpa chai ananisifu kidogo na kujiongezea sukari mwenyewe.

Mwezi uliopita malaria iliniangusha. Nilirudi nyumbani kutoka shuleni natetemeka, nikaurudishia mlango tu, nikalala na viatu. Asubuhi niliisikia simu sakafuni. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Nilijua ni nani, nilitaka kuifikia, na mkono haukunitii. Nakumbuka nikiwaza kwamba wenzangu kazini watadhani niko kwenye jenereta, na nikarudi usingizini.

Kulipogongwa geti jua lilikuwa limepanda. Jirani alifungua, nikasikia sauti ikiuliza kama Mkenya wa kompyuta ametoka. Mama wa dakwa aliingia akiwa bado na vumbi la bodaboda, bila beseni, siku ya soko. Alisema mdogo wake amekataa kutoka mezani, anabonyeza, anabonyeza, kiti cha tatu hakijibu, na yeye akaona heri aje aangalie. Aliweka kiganja kwenye paji la uso wangu. Akaiokota simu sakafuni, akakitafuta kitufe chekundu, akabonyeza kwa niaba yangu, akangoja mpaka kule kukajibiwa. Ndipo akaniuliza dawa ziko wapi.